Kabla Hajakugusa, Amekuuliza Nini?

Siku moja haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, siku niliyolala kifudifudi juu ya mkeka wa mwanamke nisiyemjua, mgongo wazi, na macho yangu yameganda kwenye miguu yake ili nijue anaelekea wapi. Kichwani nilikuwa nimefunga kitambaa na kukaza fundo mpaka masikio yakaniuma, usije ukadondoka unywele wangu hata mmoja katika nyumba ile. Nilikuwa mke wa mtu, nalima, napika, nabeba kuni, lakini pale nilikuwa naogopa kama mtoto anayepelekwa kuchanjwa.

Nakuhadithia kwa sababu juzi ulinipitia hapa ukiwa na furaha zako, ukaniambia umepata mahali Mbeya mjini pa kukandwa mgongo. Kuna muziki wa taratibu, kuna mafuta yanayonukia, na kijana anayekanda ana mikono laini. Nikakuuliza anaitwa nani, hujui. Amejifunza kwa nani, hujui. Nikakuuliza, kabla hajakugusa alikuuliza nini? Ukacheka, ukasema bibi kwa kushuku! Haya. Cheka. Mimi ni mtu wa kushuku, nimezaliwa hivyo na nitazikwa hivyo, wala sijawahi kuomba radhi kwa jambo hilo. Ila kaa hapo kwenye kigoda, hiyo simu iweke chini, nikwambie kushuku kwangu kulinifikisha wapi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mimi ni mtu wa Rungwe, hilo unalijua, hata nikikasirika Kinyakyusa kinanitoka chenyewe. Niliolewa na Yohana, kijana wa Kihehe, nikamfuata kwao milimani Mufindi, ukiacha barabara kubwa pale Nyololo unapanda na njia ya miguu mpaka mapaja yanatetemeka. Yohana alikuwa kibarua kwenye shamba la chai la mzungu, nyumbani anaonekana mara mojamoja. Mimi nilibaki na mama yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, mwenye maneno machache, anayeweza kukaa nawe jikoni asubuhi nzima asiseme kitu zaidi ya "sukuma huo moto." Kihehe changu kilikuwa cha kusalimia na kuomba maji, basi. Tuliongea Kiswahili, na Kiswahili chenyewe wote wawili tulikuwa wageni nacho, mimi nikivuta huku, yeye akivuta kule.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mimba zangu mbili za kwanza ziliharibika. Ya kwanza nilisema ni bahati mbaya. Ya pili, mama mkwe alinitazama asubuhi moja nikiwa nafua, akasema, "Naona unanenepa." Akapita zake na jembe. Siku chache baadaye mimba ile ikatoka. Ungekuwa wewe, ungefikiri nini? Mimi nilifikiri hilohilo unalofikiri. Nikaunganisha jicho lake na tumbo langu, nikafunga fundo moyoni, na tangu hapo kila alichokigusa mama yule nilikitazama mara mbili kabla ya kukigusa mimi.

Kwetu mwanamke hatangazi mimba changa, labda hata ninyi wa siku hizi bado mnafanya hivyo. Unakaa kimya mpaka tumbo liseme lenyewe. Basi iliponishika mimba ya tatu sikumwambia mtu. Sikumwambia hata Yohana, maana Yohana ni mtoto wa mama yake. Nilivaa khanga mbili, ya chini nikaikaza, nikaendelea kubeba kuni na maji kama kawaida ili asije mtu akashtuka. Niliitaka mimba ile, mwanangu. Nilikuwa tayari kukosa kila kitu, mume, nyumba, shamba, lakini mimba ile ibaki.

Kuni ndizo zilizoniponza. Nilishuka na mzigo kwenye mteremko wenye umande, mguu ukateleza, sikuanguka, lakini mgongo ulivutika nikasikia kama kitu kimechanika. Tangu siku hiyo nilipoinama nilishindwa kuinuka bila kushika ukuta. Msimu wa kulima ulikuwa mlangoni. Mama mkwe akaniona nimeshika ukuta, akatua ungo wake.

"Mgongo?"

"Umepona, mama."

"Kesho nakupeleka kwa Bibi Sekalinga akuchue."

Ningekataaje? Mkamwana wa watu anaumwa, mkwe anampeleka kutibiwa, halafu akatae? Wangeuliza sababu, na sababu ndiyo niliyokuwa naificha. Nikaitikia ndiyo mama, na usingizi wa siku ile ulikuwa wa kubahatisha.

Bibi Sekalinga alikaa ng'ambo ya bonde, peke yake, na tayari hilo kwangu lilikuwa kosa la kwanza. Mwanamke mzee anayekaa peke yake mimi simwamini, ingawa leo na mimi nakaa peke yangu, sijui wewe unanifikiriaje. Tulifika ukungu haujaondoka. Tukasalimiana, kamwene, kamwene, akatukaribisha ndani. Nyumba yake ilikuwa safi kupita kiasi, nalo hilo nikalishuku. Kulikuwa na mkeka, blanketi jeusi, na kigae chenye mafuta ya nyonyo kikipata moto pembeni ya mafiga. Alikuwa mfupi, ana mikono mikubwa kuliko mwili wake, na jicho lake moja linalia machozi bila sababu.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kumtoa mama mkwe nje.

"Wewe kaa hapo barazani uote jua," akamwambia.

"Jua lenyewe liko wapi?" mama mkwe akauliza, maana ukungu ulikuwa mzito.

"Litakuja. Mlango nauacha wazi nusu. Ukiitwa utasikia."

Mama mkwe akatoka.  Nikasema ndani yangu, haya, wameshapanga, mmoja ananileta, mwingine anamaliza. Bibi Sekalinga akakaa kwenye kigoda mbele yangu, wala hakunigusa. Akaanza kuuliza maswali. Umekula? Unaumwa wapi? Maumivu yanashuka mguuni au yanakaa palepale? Umewahi kuvunjika? Kuna mahali hupendi kushikwa? Nikajibu kwa mkato. Kisha akasogea karibu, akashusha sauti.

"Siku zako za mwezi ulipata lini?"

Mama yangu! Nilihisi damu inakimbia usoni. Mimi kwetu swali hilo unaulizwa na shangazi yako, tena umejifunika. Huyu ananijua wapi? Anataka kujua siku zangu ili azifanyie nini? Nikamtazama lile jicho linalotiririka, nikasema bila kupepesa:

"Juzijuzi tu, bibi."

"Juzijuzi."

"Ndiyo."

"Mimba huna?"

"Sina."

 Halafu akaniambia nivue kile nitakacho mwenyewe, na nisichotaka nikiache. Nilifungua mgongo tu. Kitambaa cha kichwani sikufungua, khanga ya chini sikuilegeza. Nikalala kifudifudi, kwa taabu, nimejiegemeza kwenye viwiko ili tumbo lisikandamizwe. Nikamwona anachovya vidole kwenye mafuta, anayapima kwanza juu ya kiganja chake mwenyewe. Akanionyesha vidole.

"Nakushika mabegani. Nishike?"

Swali gani hilo? Nilikuja kushikwa, sasa ananiuliza nishike! Nikaona ni mtego. Nikasema shika. Akanichua mabega kidogo, na nikwambie kweli, mikono ile ilikuwa na joto zuri, nikajikaza nisiifurahie. Akashuka kwenye nyayo. Akauliza tena, hapa nishike? Nikaitikia. Kisha akasogea usawa wa kiuno, akanyoosha mkono. Kabla haujafika, mimi nikageuka kwa ubavu na kiganja changu kikaenda tumboni, chenyewe, sikukituma.

Bibi Sekalinga akaurudisha mkono wake. Akachukua kitambaa, akanifuta mafuta nyayoni taratibu, akanawa.

"Vaa, binti."

"Umemaliza?"

"Sijaanza. Mwili ambao mwenyewe hajaniambia ukweli wake, mimi siuchui. Siku ukiamua kuniambia, njoo. Hata mvua ikinyesha, njoo."

 Nilikuwa natazama kile kitambaa kilichofuta jasho langu na mafuta ya mwili wangu, kipo mkononi mwake. Nikamwambia nakitaka. Unajua alinitazama akacheka! Akakikunja akanipa, akasema, "Chukua. Na maji niliyonawa yapo kwenye bakuli, ukitaka nikutilie kwenye kibuyu uende nayo." Nilikichukua kitambaa, nikakificha kifuani, na nilipofika nyumbani nikakichoma jikoni mpaka kikawa majivu. Maji niliyaacha, lakini nayo yalinisumbua akili siku nzima.

Pale nje mama mkwe alisimama.

"Tayari? Mbona haraka?"

"Simchui huyu," Bibi Sekalinga akasema.

"Kwa nini?"

"Hilo la kwake. Muulize yeye."

"Mimi ndiye niliyemleta, na mimi ndiye nakuuliza wewe."

"Umemleta yeye, hukuuleta mdomo wake. Nendeni salama."

Akafunga mlango. Tukashika njia, mwanangu. Mama mkwe alitembea mbele, mimi nyuma, na kila mmoja anamshuku mwenzake mgongoni. Mimi nilisema wamekosana kwenye mpango wao. Yeye alikuwa na lake, nitakwambia.

Kesho yake nikaona kikombe changu kimetengwa. Vikombe vyetu vya bati vilikaa pamoja kwenye ungo, sasa changu kiko peke yake juu ya jiwe. Sahani yangu nayo imetengwa. Nikatazama, nikajisemea, ahaa, ndiyo imeanza. Kikombe cha peke yangu ili sumu isikosee mtu. Uji alionipa niliupokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikatoka nao nje kama mtu anayeota jua, nikaumwaga kwenye migomba. Nikawa nakula viazi ninavyovichoma mwenyewe. Nikakonda, na mimba inataka chakula, na mgongo unaniua. Yeye akiniona nakonda anazidi kunitazama, na mimi akinitazama nazidi kuogopa. Weee, nyumba ile ilikuwa haikaliki!

Wakati huo alipita mtu akiitwa Fundi Daudi. Alishuka kwenye lori lililotoka Mbeya, akapiga kambi gulioni Nyololo siku ya soko. Alivaa koti la kijeshi lenye vifungo vinavyong'aa, akasema alikuwa Burma vitani akichua askari waliovunjika, kwamba maofisa wenyewe walimwita kwa jina. Alikuwa na mdomo mtamu, anataniana na kila mama, wazee anawaamkia mpaka chini. Watu walipanga mstari. Na mimi, mwanangu, mimi mtu wa kushuku, yule sikumshuku hata kidogo! Si mtu wa pale, hana ndugu pale, ana koti la serikali. Nikaona afadhali mgeni. Mama mkwe aliposema amemwita aje nyumbani anichue, nikapumua.

Akaja na mfuko wake mchana. Mama mkwe akabaki ndani, amesimama kando ya mlango amekunja mikono, anamtazama fundi kuliko anavyonitazama mimi. Wanawake wawili majirani walikuja kungoja zamu, wakakaa nje.

Fundi Daudi hakuniuliza kitu. Hakuuliza naumwa wapi, hakuuliza nimekula. Aliingia anaongea, akatandika gunia anaongea, akanimwagia mafuta ya baridi mgongoni nikashtuka, naye bado anaongea habari za Burma. Akakandamiza kwa nguvu. Mwanzoni nilisikia nafuu, nikasema huyu ndiye. Halafu akapiga goti mgongoni kwangu na nikauma khanga nisilie, kwa sababu nililelewa hivyo, mwanamke halii mbele ya wakwe. Akaona nimenyamaza, akadhani napenda, akaongeza.

"Mama," akamwambia mkwe wangu, "huyu nyonga zake zimefunga. Nasikia bado hamjapata mjukuu? Ndiyo hii. Tumbo limekaa upande. Nikilifungua leo, mwaka hauishi atakuwa na mtoto."

"Litafunguliwaje?" mama mkwe akauliza.

"Nalisukuma kutoka chini kwenda juu, kwa ngumi. Linauma kidogo, lakini ni mara moja tu. Geuka, mama, lala chali."

 Nikashika khanga kwa mikono miwili.

"Geuka bwana, usinionee haya, mimi ni kama daktari."

"Mgongo umetosha," nikasema. "Asante, fundi."

"Ala! Mgonjwa ndiye anampangia fundi?" Akacheka, akaniwekea mkono begani ili anigeuze. Majirani kule nje nao wakacheka.

"Geuka," mama mkwe akasema. "Si umesikia?"

Nikitaka kukwambia nilivyokuwa pale, sijui nianzie wapi. Nikinyamaza, ngumi za mtu yule zinaingia tumboni kwangu. Nikisema, anayesikia ni yule niliyeamini kwamba ndiye aliyezimaliza zile mbili. Upande huu kifo cha mtoto, upande ule nilidhani kifo cha mtoto. Nilimtazama mama mkwe, uso wake haukuniambia kitu. Fundi alishaanza kunivuta khanga. Na mimi nikapiga ukelele, si wa Kiswahili wala Kihehe, ukelele tu, halafu maneno yakafuata.

"Nina mimba! Niache! Nina mimba!"

Kule nje kicheko kikakatika. Fundi Daudi akasimama kidogo, kisha akatikisa kichwa.

"Uongo. Wanawake wakiogopa maumivu ndivyo wanavyosema. Mimi mikono yangu ingejua. Na hata kama ipo, ni changa, nikiliweka tumbo sawa na yenyewe itakaa sawa." Akainama tena, akanishika kiuno.

Sikumwona mama mkwe akiondoka pale kando ya mlango. Nilisikia tu mwiko wa ugali umegonga koti la kijeshi, paa! Akaupiga tena. Yule mwanamke wa maneno machache siku hiyo alitukana kwa Kihehe mpaka majirani wakaziba masikio. "Toa mikono yako! Toa! Amekwambia niache, huna masikio?" Fundi Daudi wa Burma alitoka mbio na mfuko chini ya kwapa, vifungo vinang'aa mlima mzima, na wale majirani waliokuwa wanangoja zamu wakaondoka bila kuaga. Siku hizi nikikumbuka nacheka peke yangu. Siku ile sikucheka.

Mama mkwe akavuta blanketi akanifunika mpaka shingoni. Akakaa chini, karibu nami, mwiko bado mkononi. Alikuwa anahema.

"Una miezi mingapi?"

"Inakaribia minne, mama."

"Bibi Sekalinga alijua?"

"Nilimdanganya. Nafikiri alijua."

"Na hakuniambia." Akatikisa kichwa. "Mimi nikadhani una ukoma. Mchuaji akikataa kumshika mtu, mimi ningefikiri nini? Nikakutengea kikombe. Nikamwita huyu mpumbavu nione kama atakushika. Nikasema akimshika, basi mkwe wangu mzima." Akafuta pua kwa kiganja. "Kwa nini hukuniambia?"

 Nilitazama paa.

"Uliniogopa mimi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata kwa wale wawili? Ulidhani ni mimi?"

Hapo ningeweza kudanganya, mwanangu, na nilikuwa mjuzi wa kudanganya wakati ule. Nikaitikia tena. Nilingoja anitukane, nilingoja hata mwiko. Hakufanya hivyo. Aliuweka mwiko chini, akaanza kulia, bila sauti, machozi yanashuka tu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona hata amelainika.

"Wale niliwazika mimi," akasema. "Nyuma ya migomba. Wewe ulijifungia, ukamwita jirani akuoshe, mimi hukutaka nikuguse. Nilichimba mwenyewe na jembe, nikalia mwenyewe. Walikuwa wajukuu wangu."

 Na uji wake mimi niliumwaga kwenye migomba hiyohiyo.

Kesho yake tulikwenda kwa Bibi Sekalinga, wote wawili. Safari hii nilimwambia kila kitu kabla hajaniuliza, mimba hii, zile mbili, kuni, goti la fundi, na kwamba sitaki tumbo liguswe. Akasikiliza mpaka mwisho. "Sasa lala kwa ubavu," akasema. Akaniwekea blanketi lililokunjwa katikati ya magoti, akanichua mabega, mikono na miguu, kiuno akakipapasa tu kwa kiganja chenye joto, na kila mara anauliza, hapa? Nipunguze? Nikisema inauma, anaacha. Nilisinzia mwanangu, hata nikakoroma, mama mkwe akanicheka njia nzima.

Usidhani nilipona kushuku. Hata siku ile kitambaa nilikitazama. Lakini nilisema, "Bibi, hicho kitambaa unakipeleka wapi?" Akajibu, "Nakichemsha." Akakichemsha mbele yangu. Basi. Lilikuwa ni swali tu, na nilikuwa nimekaa nalo tumboni siku zote zile.

Nilijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kukera, wakati mahindi mabichi yameanza. Wanawake walikuja kuchemsha maji ya kunikanda, kama ilivyo desturi, na yule jirani aliyenikanda mara mbili za nyuma akakunja mikono ya gauni lake. Nikamshukuru, nikamwambia akae apumzike. Nikamwita mama mkwe, alikuwa amesimama mbali, kule jikoni, anajifanya anasukuma moto.

"Mama," nikamwambia, "nikande wewe."

Sasa nikupe lile nililokuita ulichukue. Ukienda kwa huyo kijana wako wa mjini, shuku, sikukatazi. Ila kushuku kwako kutoke mdomoni, kusikae tumboni kukakuozesha. Muulize amejifunza kwa nani. Muulize hayo mafuta ni ya nini. Mwambie mlango ubaki hivi, mwenzangu akae hapa, nguo hii sivui. Mtu wa kazi yake hakasiriki kuulizwa. Yule anayekuharakisha, anayekucheka, anayekwambia usimwonee haya, anayejua mwili wako kuliko wewe kabla hujafungua mdomo, inuka uvae nguo zako hata kama amefika nusu. Kupiga ukelele si utovu wa adabu, adabu haijamzuia mtu kuumizwa. Na kikiuma, sema kinauma, usiume khanga kama mimi.

Lakini na wewe, akikuuliza, mwambie kweli. Hasa lile unalolificha. Kama ni mimba, kama ni mfupa uliovunjika, kama ni mkono wa mtu uliokupiga, mwambie, maana mikono haiwezi kukwepa kisichotajwa. Anayekuuliza kabla hajakugusa, halafu siri yako akaifunga hata mbele ya mkweo, huyo mshike, hata kama jicho lake linatoa machozi na nyumba yake ni safi mno. Na wa nyumbani kwako unaowashuku, waulize uso kwa uso wakiwa bado hai. Mimi nilichelewa kidogo tu, na mtu alizika wajukuu wake peke yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akuwekee mikono mizuri juu yako, ya watu wanaouliza kwanza. Mgongo wako ubebe watoto kabla haujabeba uzee, usingizi wako uwe wa mtu asiyeficha kitu, na ukilala mbele ya mtu yeyote hapa duniani, ulale kwa hiari yako na uinuke mzima. Amina. Haya, simu yako hiyo, chukua. Mpigie huyo kijana umuulize.